Mwosha Kaseti wa Kamembe

Kaka yangu Sultani alikuwa mwosha kaseti. Msicheke. Pale Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani mwa Kongo, katika miaka ile ya baada ya vita, hiyo ilikuwa kazi kamili. Ulikuwa unampelekea kaseti yako ya muziki, uliyochoka nayo au uliyoitubia, naye anakurudishia ikiwa na Kurani ndani yake, au mawaidha, au kaswida za watoto wa madrasa. Watu walisema, mpelekee Sultani aioshe. Mwenyewe alilipenda neno hilo, maana alikuwa mtu wa kutawadha hata kabla ya kushika bisibisi.

Mimi ni dada yake mdogo. Hapa mtaani wananiita Maman Umwali, kwa jina la binti yangu. Niliuza sambusa na chai ya tangawizi mlangoni mwa kibanda chake miaka yote hiyo, kwa hiyo ninayoyasema si ya kuambiwa. Nikimsema vibaya hapa na pale, ni kwa sababu nilimpenda na alikuwa mkaidi. Baba yetu alimwambia tangu utotoni kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Sultani alicheka tu.

Baba alikuwa mchinjaji, kama Waislamu wengi wa Kamembe ambao hawakuwa madereva wala wachuuzi. Alitaka Sultani ashike kisu. Ng'ombe wa kwanza alipoanguka, Sultani naye akaanguka, na mtaa ukacheka mwezi mzima. Baba akampeleka Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa fundi mmoja wa redio. Alikaa huko miaka mitatu, akarudi na vitu viwili: ufundi na sauti. Sauti hiyo ilinolewa na mwalimu wa Kurani aliyeishi jirani na yule fundi. Alipoadhini msikitini petu mara ya kwanza, hata akina mama wa Nyakarenzo, Wakristo watupu waliokuwa wakipita na mihogo kichwani, walisimama kusikiliza.

Mpaka mwaka tisini na nne alikuwa fundi redio kama mafundi wengine. Mwaka ule sitausimulia. Kila nikianza hukwama mahali pale pale, na wenye kuusimulia wapo. Nitasema jambo moja tu kwa kuwa ndilo lililomgeuza. Redio zilizowaambia watu wawawinde jirani zao, baadhi zilikuwa zimepita mikononi mwa Sultani. Mtu aliileta inakoroma, yeye akaichomea waya, ikasema. Itakuja kusema nini, hakujua. Tulipoanza kutoka majumbani na kuulizana nani amebaki, aling'oa kibao chake cha fundi redio, akakipasua kwa shoka na kukitia jikoni kwangu chini ya sufuria ya uji.

"Masikio ya batu ilitiwa sumu," akaniambia. "Mimi ndiye nilishika kikombe. Sasa nitaosha."

Nilimwambia kwamba redio haina dhambi kuliko kisu cha Baba. Muda si mrefu alikuwa na kibanda karibu na msikiti, mashine ya kaseti yenye milango miwili, na mfuko wa kaseti kuukuu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kaseti ya dukani, au yoyote ambayo mwenyewe hataki ifutwe, huvunjwa vijino viwili vya plastiki mgongoni, na mashine inakataa kurekodi juu yake. Sultani aliziba vitundu vile kwa karatasi aliyoitafuna kidogo, akaweka kaseti mlango wa kulia na Kurani mlango wa kushoto, akabonyeza, akaenda zake kutawadha. Iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa Yasini aliyoisoma mwenyewe. Aliirekodi asubuhi moja nyuma ya nyumba, akaongeza dua mwishoni, na katikati jogoo wa jirani akawika. Kurudia hakutaka, alisema jogoo naye anamsabihi Mola wake. Basi Kamembe nzima iliijua Yasini ile, na watoto walikuwa wakimngojea jogoo.

Mashine haikuwa mpya, na kichwa chake cha kufutia kilikuwa kimechakaa. Sultani alipovuta pumzi kati ya aya na aya, ukitega sikio vizuri, ulisikia gitaa la Kinshasa likilia kwa mbali sana. Nilimwambia, kaka, Yasini yako ina gitaa. Hakuzungumza nami mpaka alasiri.

Na alikuwa na sheria moja: hakuisikiliza kaseti kabla ya kuiosha. Hata dakika moja. Alisema anayefua nguo chafu haivai kwanza. Nilimkumbusha kwamba usilolijua ni usiku wa giza, huenda siku moja akafuta kitu cha maana. Akasema kitu cha maana hakiandikwi jina la dansi. Mimi, kusema kweli, nilikuwa na dhambi yangu. Katika kila mfuko nilichomoa moja au mbili, nikazificha chini ya kitenge, nikazisikiliza nyumbani nikikanda unga wa sambusa, kisha nikazirudisha zikaoshwe. Kuna nyimbo nzuri ambazo mtu wa mwisho kuzisikia kwenye kaseti zile ni mimi.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi Nyiransabimana, mjane, mdarizi wa kofia. Tulimwita Maman Mugabo, kwa kuwa Mugabo ndiye mtoto wake wa pekee. Kijana huyo alijifunza Kurani kwa kaka yangu, akamwita Papa Sultani, kisha akapata kazi ya kupakia na kupakua kwenye lori la mafuta ya mawese. Mwezi wa nane mwaka tisini na nane lori lilikwenda Baraka, kule kwenye ziwa Tanganyika, na vita vya pili vya Kongo vikalikuta huko. Halikurudi. Mwezi ukapita, ukapita mwaka, ikatimia miaka miwili. Waliopitia Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lile, walileta habari saba, na kila moja ilimuua Mugabo kwa namna yake.

Wazee walimshauri Nyiransabimana akubali kwamba mtoto amekufa, aswaliwe sala ya maiti asiyekuwepo, ili roho yake mwenyewe itulie. Alikataa. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hajaona hata shati lake. Aliyesimama upande wake alikuwa Sultani peke yake. Alikwenda kumjulia hali kila baada ya siku mbili tatu, akamtengenezea redio kaseti yake bure, upande wa kaseti tu. Upande wa redio alikataa kuugusa, hata kwa mjane.

Ramadhani ya mwaka elfu mbili iliingia mwishoni mwa Novemba, mvua zikinyesha. Kila Ramadhani Sultani aligawa Yasini bure kwa wenye watu waliopotea, na kila mwaka watu hao walizidi. Kaseti tupu hazikupatikana. Alimtegemea Bizimana, mchuuzi aliyetoka Uvira kupitia Burundi na kuvuka mpaka wa Ruhwa, akibeba sabuni, vitenge, na kaseti za muziki zilizochoka. Safari ile Bizimana alishikwa na malaria kali njiani, akalazwa upande wa Burundi, hajitambui. Mkewe Kamikazi alikwenda kumwuguza, na alipopata mtu wa kumwachia mgonjwa kwa siku moja, akaivusha mizigo mpaka Kamembe isije ikaibwa. Mfuko wa kaseti akampa Sultani, kama mumewe alivyokuwa akifanya siku zote. Zilikuwa kumi na mbili.

Nilizitazama. Moja ilikuwa na karatasi nyekundu, imeandikwa kwa kalamu ya wino neno Ndombolo, ile dansi ya Kinshasa, na kona yake ilikuwa imeyeyuka kidogo kwa moto. Mkono uliniwasha. Lakini nilikuwa nimefunga, na kusikiliza dansi mchana wa Ramadhani nilikuonea haya hata mimi. Nikajiambia kwamba safari hii nitakuwa mtu mwema. Nikaiacha.

Baada ya siku mbili zote zilikuwa zimeoshwa, Yasini upande wa kwanza na mawaidha ya subira upande wa pili. Ile aliyoitoa mashineni kwanza, Sultani aliipeleka kwa Nyiransabimana. Mama yule aliisikiliza kila siku baada ya alasiri, akidarizi, akingoja wakati wa kufuturu. Dua ilipofika Amina alizima papo hapo, maana betri zilikuwa ghali na kaseti ya Kurani huachi ikajizungukia ovyo.

Tarehe ishirini na sita ya mfungo, mchana, Bizimana alikuja kibandani akiegemea bega la mkewe, amekonda amebaki macho. Sultani akampa kiti. Wakajuliana hali, wakamshukuru Mungu. Kisha Bizimana akauliza, kama mtu anayengoja kushukuriwa:

"Maman Mugabo alifurahi?"

Sultani akamwuliza afurahie nini.

"Sauti ya mutoto wake. Niliiweka katikati ya kaseti zako, ile ya karatasi nyekundu. Juu yake nikaandika Ndombolo, sababu ya kuogopa basoda benye bunduki, bale banafunga njia kwenye barrière. Bakikukuta na barua banasema uko mupelelezi. Ya muziki banaachilia."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nakumbuka nilikiweka kisu chini polepole sana. Sultani aliinuka akaitazama rafu yake, akaitazama tena, kisha akasema kwamba ile ya karatasi nyekundu amekwisha kumpa mama mwenyewe. Bizimana akacheka kwa furaha, akasema basi imefika, alhamdulillahi. Kamikazi ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa anaijua kazi ya Sultani. Akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

Tulikwenda wote wanne. Nyiransabimana alikuwa kibarazani na kofia magotini, ile redio kaseti iko kando yake. Alipotuona tumefuatana alisimama, akafikiri tumemletea habari ya msiba. Mtu ambaye sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde alikosa hata neno moja, basi nikasema mimi. Nilisema Mugabo alituma sauti yake, imo katika kaseti hii, na Sultani ameiosha bila kujua. Sikutafuta maneno ya kuizungushia, kwa sababu hayapo.

Nyiransabimana aliinama. Aliitazama kaseti kupitia kile kidirisha kidogo, kana kwamba mtoto mwenyewe amekaa ndani. Kisha akauliza kama ni yote. Bizimana akajibu kwamba yeye hakuisikiliza. Alipewa sokoni Uvira na mama mmoja muuza samaki wakavu, na mama huyo alipewa na mwenye mtumbwi wa injini kutoka kusini ya ziwa, akiambiwa ni ya mama yake Mugabo wa Kamembe. Basi. Sultani aliitoa kaseti, akaigeuza, akabandua kwa ukucha zile karatasi alizozitafuna. Vijino vilikuwa vimevunjwa vizuri, kwa uangalifu. Mugabo alivivunja mwenyewe ili sauti yake isifutwe na mtu.

Mimi ndiye niliyekumbuka kwamba mkanda hauishi kwenye Amina. Nikairudisha kaseti ndani, nikaupeleka mbele mpaka mwisho wa dua, nikabonyeza. Tulisikia Sultani akisema Amina. Kikafuata kishindo kidogo cha mashine ilipozimwa. Halafu sauti ya Mugabo, nzito kidogo kuliko tuliyoizoea, akawa anaendelea na maneno ambayo mwanzo wake haupo tena:

"... sasa Mama umeshajua pale niko. Nitangoja mupaka Idi. Tuma Papa Sultani, na ile sauti yake hakuna mwenye atamukatalia njia. Kama Idi inapita sijaona muntu, nitaenda na bengine kule mbele, sababu hapa hapakaliki. Usilie. Na usikubali banisomee Yasini, Mama. Niko muzima."

Alikohoa. Mkanda ukaisha, kitufe kikaruka.

Sultani alikaa chini sakafuni, si kwenye mkeka, pembeni yake, kwenye udongo. Nyiransabimana aliurudisha mkanda mwanzo. Tukasikiliza upande mzima, Yasini yote, tukiwa tumeinamia redio ile watu watano. Kila Sultani alipovuta pumzi palikuwa na mnong'ono chini yake. Mtu alikuwa anasema pale. Ulijua kwamba anasema, na ulijua ni nani, lakini neno lenyewe hukulipata, na kabla hujalipata sauti ya kaka yangu ilirudi, nzuri, kubwa, ikalifunika. Jogoo akawika. Kwa mara ya kwanza nilimchukia jogoo yule.

"Alisema ni wapi?" Nyiransabimana akauliza. Hakuwa anamwuliza mtu.

Zilikuwa zimebaki siku tatu au nne, kwa kutegemea mwezi. Asubuhi yake Sultani alishuka Ruhwa, na nilimfungia sambusa za kufuturia. Nilimwambia njia ile ina watu wenye bunduki pande zote mbili za mpaka, na kwamba yeye si kijana. Akasema Mugabo ametaja jina lake.

Mengi ya safari ile hakunisimulia kamwe. Najua alivuka Burundi, akafika Uvira, akampata yule mama wa samaki. Mwenye mtumbwi alikuwa amekwisha kuondoka. Mama alinyoosha mkono kuelekea kusini, na kusini ni ziwa na milima na vijiji visivyo na idadi, kila kimoja na wenye silaha wake. Sultani alikwenda kwa miguu. Mahali pa kwanza walimrudisha, mahali pa pili walimpiga. Kuna jambo moja aliniambia baadaye, na aliniambia akitazama ukuta. Kila alipofika, jua likizama, alipanda mahali pa juu akaadhini kwa nguvu zake zote, akielekeza uso milimani, kwa matumaini kwamba Mugabo yupo mahali anasikia na atajua ni nani. Kisha alikuwa akingoja. Wakati mwingine watoto walikuja kumtazama.

Idi ilitukuta bila yeye. Takbira zilisomwa na mwingine kwenye kipaza sauti cha msikiti, na watu waliulizana Sultani yuko wapi. Nikaikumbuka ile methali ya Baba, nikamkasirikia Baba kaburini mwake. Nyiransabimana alivaa nguo mpya, akapika pilau, akaweka sahani tatu juu ya mkeka. Nilikaa naye kutwa. Magharibi ilipoingia alizifunika sahani mbili, akala kidogo kwenye ya tatu, akaniambia nami nile, chakula cha Idi hakitupwi.

Siku ya tano baada ya Idi Sultani alirudi, mdomo umevimba, amevaa viatu visivyo vyake. Hakupitia kwangu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Nyiransabimana, akasimama hapo, na yule mama alipomwona yuko peke yake alimkaribisha ndani na kumpa maji ya kunawa. Mugabo hakurudi. Sisemi kwamba alikufa, kwa kuwa mama yake hakusema hivyo, na mimi ni nani. Lakini hakurudi, na kaseti nyingine haikuja.

Kaka yangu hakuadhini tena. Imamu alimwita, wazee walimwomba, akasema kifua kinamsumbua. Uongo. Alikuwa hawezi kuisikia sauti yake. Mashine ya milango miwili aliifunika kwa gunia, na akarudi kwenye redio. Naam, zile zile alizoapa kutozigusa. Alizitengeneza taratibu, na kila moja aliisikiliza kutwa kabla ya kumrudishia mwenyewe, stesheni zote, taarifa zote, hata matangazo ya sabuni. Wateja walilalamika kwamba anachelewesha. Nilijua anachofanya, nikawaambia wasiopenda waende kwingine.

Na kila siku baada ya alasiri alikwenda kwa Nyiransabimana. Walikaa kibarazani, yeye ameweka sikio kwenye redio kaseti, mama anadarizi. Alijua sasa kila pumzi yake ilipo katika Yasini ile, na katika kila pumzi aliutafuta mnong'ono. Alikuwa anajaribu kumsikia mtoto chini ya sauti yake mwenyewe. Akidhani amepata neno aliliandika kwenye daftari dogo la shule, pamoja na tarehe. Wakati mwingine mwezi ulipita bila neno. Watu walianza kusema kwamba akili zake zimeyumba, na mimi nilimgombeza, nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Alinijibu kwamba yeye hazoi, anasikiliza tu, kwa kuwa alipotakiwa kusikiliza hakusikiliza.

Hapo ndipo nilipotaka kumwambia habari ya kaseti nilizokuwa nikiiba. Kwamba ile nyekundu niliishika mkononi. Kwamba ingekuwa mwezi mwingine wowote ningeipeleka nyumbani, na nikikanda unga ningemsikia Mugabo akitaja mahali alipo. Miaka sita nilitaka kumwambia. Sikuthubutu, nikamwacha abebe lawama peke yake, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Alikufa mwaka elfu mbili na sita, kifua kweli safari hii. Mkewe alikuwa amemtangulia zamani, kwa hiyo vitu vyake vilikuja kwangu: bisibisi, kofia nne zilizodariziwa na Nyiransabimana, na lile daftari. Tulipomaliza siku za msiba nililichukua nikampelekea Nyiransabimana, kwa sababu niliona ni mali yake.

Aliniambia nimsomee, macho yake yalikuwa yamechoka kwa sindano. Maneno yalikuwa kumi na tisa kwa miaka sita. La kwanza lilikuwa mutoni. Kisha baridi. Kisha Mama. Kisha soko, na mukono, na bamoja. Niliposoma hayo alikuwa akitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaendelea. Kadiri tarehe zilivyosogea, maneno yalibadilika. Papa Sultani. Si kosa. Nimesikia adhana. La mwisho, la miezi miwili kabla ya kifo chake, lilikuwa nimesamehe.

Nilifunga daftari. Nikamwambia kwamba pengine Mugabo alisema hivyo kweli. Nyiransabimana alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayekuficha kitu nyuma ya mgongo.

"Ile maneno sita ya kwanza ni ya mutoto wangu," akasema. "Ingine yote ni ya Sultani. Wakati Mugabo alisema ndani ya ile kaseti, kosa lilikuwa halijafanyika. Angesamehe nini?"

Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia hivyo. Akasema siku ile ya neno la mwisho Sultani aliinua kichwa kutoka kwenye redio, uso wote umelowa, akamwuliza: Maman Mugabo, na wewe umesikia? Naye akamjibu ndiyo, amesikia, ni sauti ya Mugabo, amesamehe.

"Na ulikuwa umesikia?" nikauliza.

"Sikusikia kitu." Aliichukua kofia yake, akatafuta mahali alipoachia sindano. "Lakini muntu analia mbele yako, sikio yake iko kwenye redio miaka sita. Wewe ungesema nini?"